Nusu au Sifuri

Kituoni, 4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Kuna sauti moja imenifuata mpaka huku. Ni ya vifaranga weusi wa samaki kwenye ndoo kavu. Ulikuwa unawachomoa kwenye beseni wawili watatu, unawatupa pembeni bila kuangalia, nao wanaruka juu ya plastiki, ta, ta-ta, ta, kama mtu anayegonga meza kwa kucha akisubiri ajibiwe. Halafu inapungua. Nilikuwa na miaka minane, nimekaa kwenye stuli chini ya lile bati, na kazi yangu ilikuwa kukupa kikombe cha kuchotea. Nilikuuliza wamekosa nini. Ukasema dume wa mtoni ameingia tena kwa bomba na kutuharibia wekundu wetu. Jioni ile baba akaongeza wavu kwenye bomba.

Hujambo lakini? Goti limetulia au bado linakuamsha kabla ya jogoo? Baba ameniandikia mistari minne, mitatu kuhusu pampu na mmoja wa kuniambia nile. Mimi ni mzima. Chumba changu dirisha lake linatazama ukuta wa ghala la chakula cha samaki, na mwenzangu wa chumba, ambaye ni mpima maji, ameandika jina lake kwenye kila kitu mpaka kopo la sukari. Tunaelewana.

Sasa la maana. Mkuu wa kituo anatafuta ukoo wa samaki wekundu wasiozaa weusi. Ukoo atakaouchagua utazalishwa hapa na kugawiwa wafugaji wote, na kwenye daftari la kituo utaandikwa jina la aliyeulea. Nimemwambia habari zako.

Ila kuna jambo itabidi nikueleze, na nimeliogopa kwa wiki mbili. Kila samaki ana maagizo mawili ya rangi, moja kapewa na mama yake, jingine na baba yake. Agizo jekundu hulifunika jeusi. Samaki mwenye moja jekundu na moja jeusi anatoka mwekundu, mzuri, na hata ukimshika mkononi huwezi kumtofautisha na mwenye mawili mekundu. Lakini wakikutana wawili wa namna hiyo, baadhi ya watoto wao hupata jeusi pande zote, na hao ndio waliokuwa wanaishia kwenye ndoo. Dume wa mtoni hajawahi kuingia, shangazi. Weusi walitoka kwa wekundu wako wenyewe.

Njia ya kujua nani kaficha ni moja. Mpe kila dume mwekundu jike mweusi. Jike mweusi hana agizo jekundu la kufunika chochote, kwa hiyo alichokificha dume kitaonekana kwa watoto. Ndiyo maana nakuomba, safari hii usiwatupe. Waache majike weusi kadhaa wakue.

Mwanao.

*

Nyumbani, 3 Machi

Kwa mwanangu Maswali,

Barua yako nimeisoma mara mbili uani, asubuhi, penye mwanga wa kutosha, na mara zote mbili nimekaa chini. Goti lipo, linanisalimia kila nikipanda ngazi. Baba yako mzima, pampu yake mgonjwa. Bibi wa jirani, mwalimu, amestaafu, sasa hana wa kumfokea, anakuja kunifokea mimi.

Miaka ishirini na miwili nimemlaani dume wa mtoni. Nimemtukana mimi, kamtukana baba yako, wewe mwenyewe ulijifunza matusi kwa ajili yake. Baba yako amefunga wavu juu ya wavu kwenye lile bomba mpaka maji yanaingia kwa kuomba ruhusa. Nilipomsomea ulichoandika aliuliza, "Kwa hiyo nyavu zitolewe?" Sikujua nilie au nicheke. Nikacheka.

Kinachoniuma ni kimoja. Waliokuwa wananiambia ukweli ndio niliowatupa, na waliokuwa wananificha ndio niliowalisha vizuri. Lakini yaliyopita tusiyachimbue, tutakuta minyoo.

Majike weusi ninao. Usiulize kwa nini. Mwaka jana wengi walinipita kwenye meza ya kuchagulia, wakakulia bwawa la chini, na baba yako akasema si umeona, wanakua haraka kuliko wekundu wako na hawahitaji kuchaguliwa, tujaze mabwawa yote, wewe upumzike. Nikamuuliza nikishapumzika atanipa kazi gani, kuhesabu bati? Meza ile nilikaa kabla hajaoa. Sasa ukoo wangu ukiingia kituoni hatakuwa na neno. Kwa hiyo nifundishe, nitafanya.

Madume nimewatenga sita, wale wazuri kupita wote: Diwani kwa sababu ya tumbo, Padri kwa upole, Bwana Harusi, Kinyozi, Fundi Saa na Mkimya. Usicheke, samaki asiye na jina hatunziki.

Shangazi yako.

*

Kituoni, 27 Machi

Shangazi,

Nimecheka kwa Diwani mpaka mpima maji akaja kuuliza. Poleni na pampu. Hapa maji yalikatika siku moja tukayabeba kwa ndoo kutoka tangi hadi tangi, wote, hata mkuu wa kituo, ambaye ni mtu asiyependa neno "labda" na siku hiyo alilisema mara tatu. Mwalimu nisalimie. Mwambie mwandiko wangu bado ni ule ule aliouchapa.

Jina lako nimelitia kwenye orodha. Tupo watano tunaoshindana, na mkuu atachagua mwishoni mwa Agosti.

Fanya hivi. Kila dume kwenye kizimba chake cha neti na majike weusi watatu. Ukiona jike amefumba mdomo na hataki kula, ujue amebeba mayai mdomoni, mwache. Vifaranga wakitoka, kila familia iwe kando, usichanganye hata mmoja. Wakifika wiki nne, hesabu wote, halafu hesabu weusi, uniandikie namba mbili kwa kila dume. Basi.

Sitakuambia ninachotarajia kuona. Si siri. Ni kwamba mtu akijua jibu, mkono wake hulifuata, hata wangu. Nataka hesabu yako ilivyo.

Nikiwaza kwamba jambo hili zima, miaka yote ile, lilikuwa ndani ya samaki wetu na sisi tunaangalia bomba, nakosa usingizi. Mpima maji anasema mimi nina bidii ya kutisha. Nadhani alikuwa ananisifu.

Mwanao.

*

Nyumbani, 24 Mei

Kwa Maswali,

Salamu nyingi. Mvua imekwisha, mabwawa yamejaa, baba yako amenunua kofia mpya na anaivaa hata mezani. Mwalimu anasema mwandiko wako umeharibika zaidi.

Kazi imekwisha, mwanangu. Kila familia nimeihesabu peke yangu, kumi kumi mkononi, hakuna aliyenigusia beseni.

Diwani: watoto mia mbili, mweusi hakuna.
Bwana Harusi: mia mbili na kumi na wawili, weusi ishirini na watatu.
Mkimya: mia na themanini, hakuna.
Padri: mia na tisini, weusi kumi na tisa. Nani angedhani, Padri ana siri.
Kinyozi: mia mbili na wanne, weusi thelathini na mmoja.
Fundi Saa: mia na sitini, hakuna.

Watatu safi kabisa, na watatu karibu safi. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa na hofu kwamba miaka yote ile imekwenda na maji, kumbe mkono wangu ulifanya kitu. Baba yako nimemwonyesha, akasema hm. Kwa baba yako hiyo ni hotuba.

Samahani kwa maandishi makubwa, kalamu hii mbovu.

Shangazi yako, mwenye ukoo.

*

Kituoni, 9 Juni

Shangazi mpendwa,

Natumaini mpo salama na kofia imezoeleka. Huku tu wazima. Mpima maji ameposwa na bado anaandika jina lake kwenye kopo, nadhani mpaka litakapobadilika.

Namba zako nilizipeleka kwa mkuu siku ile ile barua ilipofika, kabla sijakaa kuzisoma kwa utulivu. Nilikuwa na furaha, na furaha hunifanya niwe mwepesi. Nilipokaa ndipo nilipoona.

Sasa naweza kukuambia nilichokificha. Dume akiwa na agizo jeusi, kila mtoto anapata ama jekundu lake ama jeusi lake, kama kurusha sarafu. Akipewa jike mweusi, nusu ya watoto wanatoka weusi. Kwa watoto mia mbili na kumi na wawili wa Bwana Harusi ningetegemea weusi mia na kidogo. Tisini ningekubali. Mia na ishirini ningekubali. Ishirini na watatu hapana. Rusha sarafu mara mia mbili na kumi na mbili kila siku mpaka uzeeke, hutapata hiyo. Hakuna dume aliye karibu safi. Ni nusu au sifuri.

Nimefikiria kila kitu. Labda weusi wanakufa zaidi, lakini wewe na mimi tunajua weusi ndio wagumu kufa. Labda familia zilichanganyika, lakini wewe huchanganyi. Labda waliliwa, lakini waliliwaje weusi peke yao? Nimemaliza labda zangu zote.

Kwa hiyo nakuuliza, na ujibu bila kukasirika. Ulihesabia beseni lipi, jeupe au lile la bluu? Ilikuwa saa ngapi ya siku? Jumla ulihesabu kwa mkono. Na weusi, je, ulihesabu kwa kutumia nini?

Mwanao.

*

Nyumbani, 30 Julai

Kwa mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Kwanza pampu, kisha harusi ya binti wa fundi seremala, kisha goti, kisha nilitaka tu kuchelewa.

Tu wazima. Padri amekula vizuri wiki hii. Bomba limebaki na wavu mmoja, nyingine baba yako amezitoa akazitundika ukutani, sijui ni kumbukumbu au ni aibu.

Umeniuliza maswali kama polisi. Nilitaka kukujibu kwamba kama kitabu chako kinataka nusu, basi andika nusu, namba haina uchungu. Mwalimu ndiye aliyenikataza. Ndiyo, barua zako mbili za mwisho amenisomea mwalimu, na hii anaiandika yeye, mimi nasema. Ile ya Mei niliandika mwenyewe, kalamu ilikuwa nzima.

Jicho la kushoto limekwenda tangu mwaka jana. Si giza. Ni kama mtu ameweka maziwa kwenye kioo. La kulia linaniachia asubuhi, jua likiwa chini, baadaye nalo linachoka. Mwekundu namwona, anang'aa. Mweusi kwenye maji ananipotea, mpaka apite karibu na mkono. Nilidhani niliowaona ndio wote waliokuwepo. Mtu asipoona, mwanangu, hajui kuna kitu hakuona. Nakuapia sikukudanganya.

Naomba mambo mawili. Hizo namba ziache zilivyo. Wale watatu ni safi, nawajua, nimewalea. Mkuu wako akichagua ukoo wetu hakuna atakayeumia, na kama weusi wawili watatu watatokea huko, si watupwe kama tulivyowatupa sisi? Na la pili, usimwambie baba yako. Akijua ataniondoa mezani kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa. Ataniletea kiti cha kuegemea. Nikitoka mezani nitakaa wapi ambapo mtu atanihitaji?

Mwalimu anasema niongeze kwamba yeye hakubaliani na mimi. Nimeongeza.

Shangazi yako.

*

Kituoni, 18 Agosti

Shangazi yangu,

Mwalimu, shikamoo. Msomee polepole, tafadhali, na ukifika mahali ambapo ungependa kuruka, usiruke.

Shangazi, pole kwa goti, pole kwa pampu, na hongera kwa fundi seremala. Nimefika mara tatu mwisho wa salamu hizi na kuanza karatasi nyingine.

Wewe umeniambia ulichokificha, nami nikuambie changu. Nilijua. Si yote, lakini nilijua. Likizo iliyopita ulinimiminia chai ukiwa umeweka kidole ndani ya kikombe ili ujue imefika wapi. Niliona kidole kikitoka chekundu. Ulisema kikombe kina ufa unakiziba. Nikasema sawa, nikanywa, nikazungumza habari za masomo yangu. Kisha nikarudi huku na kukuandikia barua ya kukupa kazi ambayo haiwezi kufanywa bila macho, kwa sababu nilitaka sana kuwa yule aliyeleta ukoo wa kwao mbele ya mkuu. Nilijiambia kwamba nakuheshimu. Nilikuwa najiheshimu mimi. Kila usiku tangu Juni nimejaribu kulilaumu jicho lako na kila mara naishia kwenye kile kikombe.

Umesema watatu ni safi, unawajua. Huenda ni kweli, na ningependa iwe kweli kuliko unavyofikiri. Lakini aliyepitwa na weusi karibu themanini wa Padri anaweza kupitwa na wote wa Mkimya, na mimi siwezi kuandika "hakuna" mahali ambapo ninachojua ni "hawakuonekana". Wakitoka hapa vifaranga wanakwenda kwa watu mia. Kila mmoja wao atamwona mweusi bwawani kwake, ataangalia bomba lake, ataanza kufunga nyavu. Siwezi kuwatumia watu mia dume wa mtoni, shangazi.

Alhamisi nilikwenda kwa mkuu wa kituo nikamwomba anirudishie karatasi yetu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia hesabu si ya kuaminika.

"Kwa hiyo ni kosa la shangazi yako?"

"Ni langu," nikasema. "Nilimtuma mtu akaone kitu nikijua haoni."

Akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina letu, mstari mmoja, ulionyooka, kisha akaniuliza kama madume bado wako hai. Nikasema wote sita, na wana majina. Akasema wasiuzwe, mtu wa kituo anaweza kuja mwakani kuhesabu, labda. Neno hilo lilimtoka mwenyewe. Sikuahidi chochote kwa niaba yako. Samaki wako ni wako.

Lile la pili ulilonikataza ndilo gumu zaidi. Mama yake mpima maji alikuwa na maziwa hayo hayo kwenye jicho. Hospitali waliyaita mtoto wa jicho, wakayatoa, na leo anatunga uzi kwenye sindano na kuwasuta wote wenye miwani. Sijui kama lako ni hilo. Lakini safari ya hospitali ni ndefu, huwezi kwenda peke yako ukiwa huoni ngazi, mimi ruhusa yangu ni mwezi wa kumi na mbili, na mwalimu miguu yake haimbebi mbali. Amebaki mtu mmoja mwenye kofia mpya.

Nimemwandikia baba. Nimemwambia macho yalivyo na tangu lini, na kwamba mimi nilijua kabla yake na nilinyamaza, ili hasira yake ipate kwa kwenda. Nimemwomba akupeleke kabla ya mwisho wa mwezi. Kuhusu meza nimemwandikia kwamba jumla yako ilikuwa ya kumi kumi mkononi, na kwa ninavyokujua hakukosekana hata mmoja, kwa hiyo kuhesabu kubaki kwako, na kuchagua rangi kusubiri daktari aseme. Nimemwambia pia asikuletee kiti.

Najua utakasirika. Najua utamwambia mwalimu aweke barua hii chini, kisha aiendeleze. Huenda hutaniandikia mwezi mzima, na nitaustahili mwezi huo.

Barua ya baba niliitia posta Ijumaa asubuhi. Hii nimeizuia siku tatu kwa makusudi, ili ikufikie wakati yeye ameshasoma na wewe huna tena nafasi ya kunikataza.

Mwanao.